Mama Treni, Mwalimu wa Safari Katika Mji Usio na Reli

Karatu hakuna reli. Ukitaka kuiona treni kutoka kwetu unapanda basi alfajiri, unateremka ukingo wa Manyara, unapita Babati na Kondoa, na unafika Dodoma ukiwa na vumbi hadi ndani ya masikio. Hata hivyo, kwa miaka saba niliyokaa mapokezi katika nyumba moja ya wageni pale mjini, hakuna mgeni aliyetamka neno "Kigoma" mbele ya Mama Treni akaachwa aende hivi hivi. Alikalishwa kwenye benchi, akaulizwa ana siku ngapi, ana mabegi mangapi, anakoroma au hakoromi. Kabla chai yake haijapoa alikuwa ameshajua namna ya kupanda kitanda cha juu bila kumkanyaga usoni mwenzake wa chini.

Hakuwa mwongoza watalii. Alikuwa mfuaji wetu. Mashuka, taulo na foronya zote za nyumba ile zilipita mikononi mwake, zikatoka zimekunjwa bapa na kubana kama bahasha, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mhudumu wa behewa la kulala kwenye reli ya kati, Dar es Salaam hadi Kigoma na kurudi, miaka mingi kiasi kwamba hata alipostaafu alitembea ametanua miguu kidogo, kama mtu anayesubiri sakafu itikisike. Alikuja Karatu kumfuata binti yake, muuguzi wa zahanati kule Qurus. Mwenyewe alisimulia kwamba siku aliyoshuka stendi aliuliza stesheni iko wapi, na vijana wakamwelekeza kwenye kituo cha mafuta.

"Nikafika," alisema, "nikaona pampu mbili na kondoo. Nikasema ee Mungu wangu, umenileta wapi?"

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kiingereza chake kilikuwa na maneno kama ishirini, yote ya kazini: tiketi, beding, gudi moning, klozi windo. Hilo la mwisho alilitamka kwa ukali, na wageni walikuwa wanafunga dirisha lililokuwa karibu, hata kama ni la jikoni.

Mafunzo yake yalianza na salamu. "Waambie," alikuwa ananisukuma kwa kiwiko, "wakiingia kwenye chumba cha treni wasianze kupanga mabegi. Wasalimie kwanza. Wale waliomo ndio watakaowalindia hayo mabegi wakienda chooni. Mtu atalindaje begi la mtu ambaye hata jina hajamwambia?"

Mzee mmoja Mbelgiji aliuliza: na kama hao wenzake hawajui Kiingereza?

"Mlinzi wetu anakusalimia kwa Kimaasai siku ya tatu leo," Mama Treni akajibu. "Umeugua?"

Mbelgiji akacheka, akaandika kwenye daftari lake. Wote waliandika. Sijui kulikuwa na nini katika uso ule, maana nilikuwa nawaambia mambo ya maana kuhusu muda wa kufunga geti la hifadhi na hawaandiki, lakini Mama Treni akisema wabebe karatasi ya chooni, kalamu zinatoka.

Aliwaambia wanunue tiketi mapema, waende dirishani wenyewe na pasipoti, wasimpe mtu wa njiani. Aliwaambia daraja la pili wanaume hulala na wanaume na wanawake na wanawake, kwa hiyo mtu na mkewe wakitaka kukaa pamoja wanunue vitanda vyote vya chumba, au wakubali kuachana mpaka Kigoma. ("Wengine inawasaidia," aliongeza, na hilo nililitafsiri kwa sauti ndogo.) Aliwaambia wawe na noti ndogo ndogo, kwa sababu mama anayeuza kuku stesheni ya Saranda akiwa chini ya dirisha hana chenji ya noti kubwa na treni haimsubiri mtu anayetafuta chenji. Wabebe kipande cha mti cha kukazia dirisha, lisifunguliwe kutoka nje wakiwa wamelala. Wabebe kanga. Mtu akimuuliza kanga ya nini, alikuwa anamtazama kwa huruma ya kweli. "Shuka ni kanga, taulo ni kanga, pazia ni kanga. Ukishuka kununua asali Tabora, unafungia chupa kwenye kanga. Kanga ya nini!"

Lakini lile alilolirudia kuliko yote lilihusu siku. "Treni si ndege. Ukiambiwa siku mbili, wewe tenga nne. Usiweke ndege ya kwenu siku ile ile unayofika. Treni ikichelewa na huna haraka, ni safari. Ikichelewa na una haraka, ni ugonjwa."

Siku moja maneno hayakutosha. Walikuwepo jaji mstaafu wa Kijerumani na mkewe, watu warefu ajabu, na jaji alitaka kujua kama atatosha kitandani. Mama Treni akamkagua juu hadi chini, akaniambia, "Huyu tumpime." Akaingia chumba cha kulia, akasogeza mabenchi mawili yakatazamana, akaweka magodoro, na meza ya kulia ikawa kitanda cha juu. Jaji akapanda mezani na soksi zake. Mkewe akalala kwenye benchi chini yake. Mimi nikapewa cheo cha mkaguzi wa tiketi. Mlinzi wetu, mtu mzima kutoka Soitsambu ambaye hajawahi kuona treni maishani mwake, akaitwa aje kuwa muuza kuku wa Saranda.

"Yeyo," mlinzi akasema, maana alimwita kwa jina la mama kwa Kimaasai, "kuku mimi siuzi. Nitauza mbuzi."

"Mbuzi hapiti dirishani!"

"Atapita. Nitamkata."

"Haya, uza mbuzi, lakini kimbia! Treni inaondoka, kimbia!"

Mlinzi akakimbia kuizunguka meza, rungu mkononi na shuka linapepea, anapiga kelele "Mbuzi! Mbuzi moto!", jaji anamnyooshea noti kutoka juu ya meza, mkewe huko chini anacheka mpaka analia, na Mama Treni katikati anapuliza honi kwa mdomo, mara mbili, akieleza kwamba honi ya pili ikilia mtu awe ameshapanda. Ndipo mlango ukafunguka na Bosi, mwenye nyumba, akaingia na mawakala wawili wa utalii kutoka Arusha waliokuja kukagua usafi.

Jaji alijikohoza, akateremka mezani kwa heshima zake zote, akampa Bosi mkono. "Natosha," akamwambia. Mimi nikatafsiri, ingawa Bosi alijua Kiingereza.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vyumba kumi na viwili. Alichoona yeye ni kwamba wageni wanaopanga kukaa siku tano wakisikiliza mambo ya treni wanakaa tatu, kisha wanakimbilia Dodoma na vipande vya mti mfukoni. Siku ile ile akamwita Mama Treni uani.

"Mama, unanipunguzia wageni."

"Sikupunguzii. Nawasogeza mbele."

"Kuanzia leo, mambo ya treni basi. Wewe ni mashuka."

Alikubali. Alikubali kabisa, na kwa wiki mbili hakusema kitu. Halafu nikaanza kuona wageni wanaomba kumsaidia kuanika. Watu waliosafiri kutoka Ulaya kuja kuona faru walikuwa wanasimama nyuma ya nyumba na vibanio mdomoni, wanatandaza mashuka kwenye kamba, na nyuma ya mashuka inasikika sauti: "Tiketi. Yu. Pasipoti. Not ze man of roadi." Kumbe alikuwa amejifunza maneno mapya bila mimi.

Si kwamba yeye mwenyewe aliyafuata hayo aliyofundisha. Alihubiri kwamba mtu asiachie begi lake hata dakika moja, na mkoba wake ulikuwa unapatikana kila mahali: sokoni, kanisani, kwenye bajaji, mara moja ndani ya gari la watalii lililokuwa limeshafika getini kwa hifadhi. Alisema mtu akae tayari saa nzima kabla ya safari, na kazini alikuwa anafika amechelewa kila Jumatatu. Alijisifu kwamba amelala juu ya madaraja yenye mafuriko chini, lakini basi la kwenda Arusha likianza kuteremka ule ukingo, alikuwa anajifunika kanga kichwani na kumshika abiria wa pembeni, yeyote yule, mpaka Mto wa Mbu. Padre mmoja aliwahi kushikwa hivyo. Walipofika chini alimwambia, "Mama, umetubu dhambi za miaka kumi bila kuulizwa."

Na alikuwa hasemi uongo, jambo ambalo watu wa mtaani hawakuliamini. Kulikuwa na maneno kwamba huyu mama hajafanya kazi yoyote ya treni, kwamba aliwahi kupanda mara moja akaipenda. Niliyasikia saluni, nikayasikia sokoni. Yeye aliyasikia pia. "Waache," alikuwa anasema, lakini nilimwona anavyovuta midomo. Hakuwa na picha wala sare. Alikuwa na maneno tu, na sisi ndio tulioamua kumwamini au kumwona mzushi.

Ndiyo sababu yale ya dada wawili wa Kanada yaliniuma vile.

Walikuwa walimu, dada na mdogo wake, wote wamepita miaka hamsini. Baba yao aliwahi kufanya kazi hospitalini Kigoma walipokuwa hawajazaliwa, na alikuwa anawasimulia jinsi alivyofika huko kwa treni, na jinsi ziwa lilivyotokea mwishoni kabisa. Alikuwa amefariki. Walitaka kufika kama alivyofika yeye. Ila yule dada mkubwa aliogopa. Aliogopa mbu, maji, wezi, viazi vya barabarani. Mdogo alitaka kwenda, mkubwa alitaka ndege, na walikuwa wamenuniana tangu Ngorongoro.

Mama Treni akawaita kwenye kamba ya nguo. Nilikwenda kutafsiri, nikijua Bosi akitukuta tumekwisha.

"Huyu mkubwa anaogopa nini hasa?" akaniuliza.

Nikamuuliza mwenyewe. Akasema anaogopa kufika na kuona hakuna kitu. Kwamba baba yao alikuwa anatia chumvi tu.

Mama Treni aliacha shuka alilokuwa ameshika. "Mwambie ziwa lipo. Nimeliona asubuhi nyingi kuliko nilivyomwona mume wangu. Mwambie akifika akakuta halipo, arudi hapa anipige."

Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza kwa pamoja. Wakaamua kwenda kwa treni. Mama Treni alinunua mwenyewe kanga moja sokoni akawapa, na siku nne za kutenga akazihesabu kwa vidole mbele yao.

Waliondoka Jumapili. Walikuwa wameahidi kupiga simu wakifika Kigoma. Jumatano hakuna simu. Alhamisi hakuna simu, na redio ikasema mvua imechimba tuta la reli mahali fulani kati ya Dodoma na Tabora. Ijumaa simu zao zote mbili hazipatikani. Bosi alisikia, akaja mapokezi.

"Nani aliwapeleka?" akauliza.

"Mimi nilitafsiri," nikasema.

"Wasipopatikana, wewe na mama yako wa treni mnatafuta kazi nyingine. Na hiyo kazi ndiyo itakuwa tatizo dogo."

Nilikwenda uani. Mama Treni alikuwa anafua shuka ambalo alilifua asubuhi. Hakunitazama. "Lile tuta nalijua," akasema. "Treni huwa inasimama stesheni ndogo kabla ya pale. Haiendi. Dereva hawezi kwenda." Akafua tena. "Maji waliyobeba, ulihakikisha?"

"Lita sita kila mmoja, Mama. Nilihesabu."

"Na tochi?"

"Na tochi."

"Yule mkubwa," akasema, na nikaona mikono yake imesimama ndani ya povu. Nilikuwa sijawahi kuiona imesimama.

Simu ililia Jumamosi mchana. Nilipokea, na nilichosikia kwanza ni kelele, watu wanaimba, kuku, mtoto analia, halafu yule dada mkubwa anapiga kelele juu ya kelele zote. Si mdogo. Mkubwa! Nikaweka spika, nikapiga mbio uani, sandali moja ikabaki mapokezi.

Walikuwa wamekaa siku tatu stesheni ndogo. Hapakuwa na mtandao, na simu ziliisha chaji. Maji yao waliyagawa kwa chumba kizima na kwa mama mmoja wa daraja la tatu mwenye mapacha. Bibi wa Kigoma waliyelala naye chumba kimoja, ambaye walimsalimia kabla ya kupanga mabegi, alikuwa amewasuka nywele wote wawili. Dada mkubwa alifungua darasa chini ya kivuli cha behewa, akafundisha watoto wa abiria kuhesabu kwa Kiingereza, nao wakamfundisha ugali unasongwa vipi, na siku ya tatu alisonga ugali wa watu kumi na tano ukawa na mabonge, ukaliwa wote. Mwanaume mmoja wa Uvinza alimposa. Alikataa, lakini alichukua namba yake.

"Tumefika!" alikuwa anapiga kelele. "Tumefika leo asubuhi! Mwambie Mama! Mwambie lipo!"

Sikuhitaji kutafsiri. Mama Treni alikaa chini pale pale, kwenye maji ya sabuni, akajifunika uso kwa shuka la chumba namba nne, na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Nikalivuta shuka. Alikuwa anacheka kwa namna ambayo sauti haitoki.

Mlinzi aliposikia habari akacheza pale getini peke yake, akiruka juu na kushuka, na wageni wa Kifaransa waliokuwa wanafika walidhani wamepangiwa mapokezi ya utamaduni, wakampiga picha nyingi. Bosi akatoka kutazama kuna nini. Nilimwambia. Alishusha pumzi, akajifuta jasho, akasema, "Mwambie aje anieleze na mimi hayo mambo ya madaraja ya kulala." Mwezi mmoja baadaye palikuwa na kibao ukutani, kwa Kiingereza, kikisema hapa kuna mshauri wa safari za treni. Bosi alikiandika kwa mkono wake, na alikuwa anawaambia mawakala wa Arusha kwamba wazo lilikuwa lake. Maneno ya saluni nayo yalikoma, maana wale dada waliporudi kupitia Karatu, dada mkubwa alimkumbatia Mama Treni katikati ya soko mbele ya wauza vitunguu wote, hakumwachia mpaka mtu akawaombea njia.

Niliacha kazi pale miaka michache baadaye, nikafungua duka la sare za shule. Mwaka jana Mama Treni akaingia dukani, amechelewa kama kawaida, na begi moja. Binti yake alikuwa amehamishiwa Morogoro na ameshatangulia na watoto. "Nisindikize," akasema. "Nasikia Dodoma kuna treni ya umeme."

Tulipanda basi. Alijifunika kanga kwenye ukingo, akanishika mimi. Tulilala kwa shangazi yangu Dodoma, na asubuhi tukaenda stesheni mpya, jengo kubwa linalong'aa kiasi kwamba alivua viatu mlangoni na askari akamwomba avivae. Alizunguka kila kona. Aligusa kuta. Alimsalimia mkata tiketi, mfagiaji, mtu wa mizigo, na kila aliyemjibu alimwambia, "Na mimi nilikuwa wa reli, mwanangu."

Ndani ya behewa nikamwonyesha kiti chake, cha dirishani. Akasimama kando yake.

"Kaa, Mama."

"Nikae hapo?"

"Ni chako. Namba hii hapa."

Akakaa ukingoni, mgongo umenyooka, mikono magotini. Treni ikaondoka kimya kiasi kwamba hakujua, mpaka nguzo zilipoanza kupita. "Tunakwenda!" akasema. "Weee, tunakwenda!" Na alipoona jinsi nguzo zinavyokimbia akaanza kucheka, akanipiga paja, akaniambia jina la kila kilima kabla hakijafika, na vilima vilikuwa vinafika haraka kuliko anavyoweza kuvitaja, kwa hiyo akawa anavitaja mbio mbio kama mnadani, na watu wa viti vya mbele wakageuka na wao wakaanza kucheka.

Mhudumu akaja, binti mwenye sare safi na skafu shingoni. "Shikamoo Mama. Nikuletee kitu? Maji, chai?"

Mama Treni akainuka. Aliinuka kabisa, akataka kumpisha, akashika mkono wa kiti. Yule binti akabaki anamtazama.

"Anakuuliza wewe," nikamwambia.

Alikaa tena, taratibu. Akaomba chai. Ilipoletwa aliishika kwa mikono miwili, akaitazama inavyotikisika kidogo tu ndani ya kikombe, akaniambia bila kuniangalia, "Unajua miaka yote ile sijawahi kukaa dirishani? Dirishani wanakaa abiria."

Aliinywa yote.

Morogoro tulifika kabla sijaamini. Watu wakasimama, wakashusha mabegi, wakapanga mstari kwenye njia. Yeye hakusogea. Nikaona binti yake kule nje kwenye jukwaa, anapunga mikono, wajukuu wanaruka ruka.

"Mama, tumefika. Twende."

"Ngoja," akasema, na alikuwa amekunja uso kwa umakini, anahesabu watu wanavyopita. "Ngoja kwanza abiria washuke."

"Mama. Na wewe ni abiria."

Akanitazama. Akaweka mkono mdomoni. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, chenye sauti yote safari hii, mpaka mstari mzima ukasimama kumtazama, na yule binti mwenye skafu akaja mbio akidhani kuna mtu ameumia.